Kitabu cha Simu cha Dada Waya

Kampuni ya simu ilipoingia mjini ilikuwa na laini kumi na mbili na mwanamke mmoja wa kuziunganisha. Laini zikawa arobaini, zikawa mia moja na sitini, nguzo zikaota kila kona, mwanamke akabaki yule yule. Watu walimwita Dada Waya. Mteja aliinua simu akasema, "Dada, nipe fundi cherehani," naye akachomeka waya kwenye tundu la fundi, mambo yakaisha. Habari za namba waliachiwa watu wa makao makuu.

Ili asichanganye wateja, chini ya kila tundu alibandika karatasi yenye maneno yake mwenyewe. Ya fundi cherehani ilisema, "Njoo Kesho". Ya muuza nyama, "Anafoka, simu weka mbali na sikio". Ulimi wake ulikuwa wa pilipili, lakini pilipili yote iliishia kwenye karatasi.

Kisha ikaja mitambo ya kisasa. Sasa mteja angezungusha namba mwenyewe, kwa hiyo kikahitajika kitabu cha simu. Makao makuu wakamtuma karani siku ambayo Dada Waya alikuwa mapumzikoni. Karani wa watu, wala hakuwa na ubaya. Aliambiwa anakili, akanakili kila alichokiona chini ya tundu, neno kwa neno, akapeleka kiwanda cha uchapaji. Jumatatu mji mzima ukagawiwa kitabu chenye jalada la bluu, na muuza nyama akajikuta kwenye herufi A.

Meneja akaja juu.

"Meza ya malalamiko kwenye jengo jipya nilishakutengea wewe," alisema. "Sasa nisikilize. Ikiingia barua moja tu kulalamikia kitabu hiki, unga umemwagika. Wapigie wote, uwaombe radhi."

Kazi nyingine Dada Waya hakuijua, na ukweli ni kwamba hakuitaka. Zile sauti ndizo zilizokuwa jamaa zake. Akajikaza kisabuni, akaanza kupiga. Fundi cherehani alicheka hadi akapaliwa. Muuza nyama alifoka, kama ilivyoandikwa, mpaka mkewe akampokonya simu.

"Mdogo wangu, usimjali huyu. Nimeyasema miaka yote, haamini. Leo kampuni imempigia chapa!"

Kufikia Alhamisi alibaki mmoja, mwalimu mstaafu wa laini ya sitini na moja. Kwa huyo mkono uligoma kabisa. Kila asubuhi, saa mbili kamili, mzee alipiga kuuliza ni saa ngapi, na karatasi yake haikuwa na utani wowote. Ilisema, "Ana saa. Hana mtu."

Mzee hakungoja kupigiwa. Alikuja ofisini mwenyewe, kitabu kwapani, akamkuta meneja akimkumbusha Dada Waya habari ya meza ya malalamiko.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umejuaje kama nina saa?"

"Naisikia ikigonga nyuma yako." Akainuka kitini. "Nisamehe, Mwalimu. Sikuandika ili usome."

"Miaka tisa," mzee akasema. "Na kila siku ukanijibu bila hata kuguna."

Akamgeukia meneja, akaomba fomu ya malalamiko. Dada Waya alitamani ardhi ipasuke immeze. Mzee aliandika taratibu, kwa mwandiko wa ubaoni, akamkabidhi meneja, naye akasoma kwa sauti: "Simu yangu ina hitilafu. Naomba huyu dada wa meza ya malalamiko anipigie kila asubuhi saa mbili kuikagua. Asitumwe mwingine."

Meneja akakuna kichwa. "Lakini Mwalimu, simu yako ni nzima. Tumeipima juzi."

"Hata saa yangu ni nzima, bwana. Piga muhuri."

Meneja akamtazama mzee, akamtazama Dada Waya aliyekuwa akilia waziwazi bila kujificha, akavuta droo na kutoa muhuri.