Kontena la Maman Lucienne
Paa la Maman Lucienne lilipoanza kuvuja, mwaka 2012, mumewe Séraphin alikuwa ameshafariki, naye akiishi peke yake katika nyumba ya Berchem-Sainte-Agathe, pembezoni mwa jiji moja la Ulaya, waliyoinunua kwa matumaini ya kuijaza watu. Mtaa wenyewe ni wa watu wastaarabu, yaani watu wasiosalimiana. Bwana Florent, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa akimwinulia kidevu tu tangu walipohamia. Marafiki wa kanisani, wengi wao wakaazi wa Ixelles, upande wa pili wa jiji, walisema Berchem ni mbali mno, ingawa tramu inafika, na Lubumbashi kwenyewe wanakwenda kila mwaka.

Fundi wa paa aliitwa Crispin, Mkongo wa Kolwezi anayekaa Schaerbeek. Alipanda juu, akashuka akitikisa kichwa. Vigae vyote vitolewe, na mbao zilizooza pia. Kwa hiyo akamwagiza akodi kontena la taka, lile sanduku kubwa la chuma linaloshushwa na lori mbele ya nyumba, na aombe kibali ili magari yasiegeshwe hapo. Maman Lucienne aliyafanya yote kwa simu, roho juu, akihofia kwamba majirani watanuna kwa kunyang'anywa maegesho.

Kumbe wapi. Kontena lilipotua tu, kengele ya mlango ikalia. Alishtuka, maana kengele ile ilikuwa imenyamaza muda mrefu hata akadhani imeharibika. Alikuwa Bwana Florent, amekumbatia godoro kuukuu, akiuliza kwa Kifaransa cha adabu kama angeweza kupata nafasi kidogo kwenye kontena. Maman Lucienne alimkubalia hata kabla hajamaliza. Godoro likatupwa, lakini mtu hakuondoka mara moja; alisimama pale kando akasimulia maumivu ya mgongo wake, na Maman Lucienne akayasikiliza kama mtu anayesimuliwa harusi.

Baadaye akaja mwanamke wa nyumba ya kona na kitanda cha mtoto, kisha mzee mmoja na baiskeli isiyo na tairi. Nani alieneza habari, katika mtaa ambao hakuna anayezungumza na mwenzake, mimi sijui. Maman Lucienne akaanza kukaanga mikate, yale maandazi madogo ya mviringo ya kwao Likasi, akawa anawagawia papo hapo barabarani. Walikula wamesimama, wakasifu, wakaenda zao.

Crispin alipoanza kubomoa, akakuta hana pa kutupia vigae.

"Maman," akasema, "hii conteneur ni ya toiture yako ao ni ya quartier nzima?"

Alitaka kulifunika kwa turubai, libaki la paa tu, si la mtaa mzima. Maman Lucienne akakataa katakata, akaagiza kontena la pili. Binti yake Graciella, aliyeolewa Montréal, alikasirika alipoyasikia hayo kwenye simu.

"Maman, bale bantu habakuye kukuona. Banakuya kutupa bucafu."

"Najua, chérie," alijibu mama yake, jicho likiwa kwenye kengele ya mlango. "Lakini, bon, banapiga sonnette."

Paa likaisha, zuri kweli, halipitishi hata tone. Kontena la pili nalo likachukuliwa, na mlango ukawa kimya tena. Bwana Florent akarudia kidevu chake. Siku moja Maman Lucienne alimpelekea sahani ya mikate. Bwana Florent akafungua mlango nusu, akashukuru sana, akauliza kama kuna tatizo lolote. Hakukuwa na tatizo. Kwao Likasi mtu hupiga hodi akaingia, akaketi, na sababu ikatafutwa baadaye kama itahitajika. Hapa alirudi nyumbani akiona haya, kana kwamba amekwenda kuomba.

Machi ilipofika, kontena jingine likatua mtaani, safari hii mbele ya nyumba ya Bwana Florent, ambaye naye ameamua kubadilisha paa. Maman Lucienne alifurahi, kisha akaingiwa na wasiwasi: cha kutupa hana. Alizunguka nyumba nzima. Darini palikuwa patupu, jikoni kila kitu kizima. Mwishowe akasimama mbele ya meza ya kulia, penye viti sita alivyovinunua na Séraphin kwa ajili ya wageni, vyenye mito myekundu aliyoishona mwenyewe. Akabeba kimoja, akaenda kupiga kengele.

"Lakini hiki ni kizima," Bwana Florent alisema.

Akamjibu kwamba mguu mmoja umelegea. Uongo mtupu. Lakini waliongea habari za mvua, za mafundi, na za ule mgongo, na alirudi nyumbani roho imetulia. Basi ikawa kila akizidiwa anapeleka kingine, mpaka vikabaki viwili. Usidhani hakuumia. Alivipenda viti vile. Upweke tu ndio uliomuuma zaidi.

Jumapili mchana akatoka na cha tano. Pazia la Bwana Florent lilikuwa wazi, na ndani palikuwa pamejaa ndugu, wakubwa kwa watoto, wanakula. Akaona mito yake myekundu. Viti vyake vyote vinne vilikuwa vimeizunguka meza, vimekaliwa, na waliovikalia walikuwa wakicheka. Kumbe jirani alikuwa akivitoa kwenye kontena kila yeye anapogeuka, na kusema kweli nani angemlaumu? Maman Lucienne hakukasirika. Alivionea wivu, ndiyo, alivionea wivu viti. Halafu akamwona mwanamke mmoja ameegemea ukuta na sahani mkononi, hana pa kukaa.

Akapiga kengele. Bwana Florent alifungua, akamtazama, akakitazama kiti, uso ukamwiva mpaka masikioni. Akaanza kujieleza.

"Kuna mtu amesimama huko ndani," Maman Lucienne alimkatiza. "Nimeleta kiti."

Alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akashukuru tena. Kisha akauliza kama nyumbani amebakiwa na cha kukalia.

"Kimebaki kimoja," alisema. "Na mimi ni mmoja."

Baridi ilikuwa ikiingia na wale wa mezani walikuwa wakilalamika, kwa hiyo Bwana Florent akamuaga kwa upole, akafunga mlango.