Gurudumu la Panya na Majina Elfu Mbili

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Naanza hivyo ili usipoteze muda kumtafuta mwingine kati ya watu nitakaowataja, maana ni wachache na wote walikuwa na akili zao.

Ilikuwa mwaka 2003, vita havijaisha. Nilikuwa na kibanda Gitega, kwenye mtaa wa Waswahili, nikitengeneza redio, pasi na, tangu mwaka uliotangulia, kompyuta. Kompyuta nilifundishwa na mwanafunzi mmoja wa Bujumbura kwa majuma matatu, na kila alichosema nilikiandika kwenye daftari. Bukavu nilitoka mwaka 1996 na bisibisi mbili mfukoni, na tangu hapo niliamini hakuna kinachoshindikana kwa bisibisi mbili na mdomo mzuri.

Jirani yangu alikuwa dada Pili, mshonaji. Tulitaniana kutwa nzima. Yeye alisema redio zangu zinaimba kama mbuzi mwenye mafua; mimi nilisema mashati yake yanafaa kuvulia dagaa. Jambo moja tu hatukulitania: Zuena. Pili alikuwa ameolewa Mwakiro, kule Muyinga. Mwaka uleule wa 1996, milio ya risasi ilipoanza kilimani, yaani kijijini kwao, alimshika binti yake wa miaka mitano mkono wakakimbilia migombani pamoja na watu wa kilima kizima.

"Nilikimbia sana, Cubaka," aliniambia mara moja tu, huku akitunga uzi kwenye sindano. "Nilipogeuka, mkono ulikuwa mtupu."

Basi zikaja habari kwamba shirika moja dogo pale Muyinga limeletewa orodha ya watoto waliopotezana na wazazi wao, walioko kambini ng'ambo, Tanzania. Majina elfu mbili na mia nne. Mzazi anayemtambua mtoto wake anapewa namba ya mtoto huyo. Siku ya Jumanne saa nane mchana namba zote zinatumwa kambini kwa foni, ile redio ya mawasiliano, na Alhamisi malori yanawaleta waliotajwa. Wasiotajwa wanahamishiwa kambi nyingine mbali zaidi, na huko wanaandikwa upya. Msafara mwingine ungekuwa lini? Hakuna aliyejua, maana mpaka wa nchi ulikuwa ukifungwa na kufunguliwa kama mlango wa kibanda changu.

Pili hakutaka kwenda peke yake. Nikamsindikiza. Nasema nikamsindikiza: hakuna aliyeniita kutengeneza kitu.

Tulifika Jumatatu jioni na gari la Chabani, dereva anayejua kila kizuizi kati ya Gitega na Muyinga na jina la kila askari anayependa sigara. Jumanne saa moja na nusu Pili alikuwa ofisini. Mimi nilibaki sokoni kunywa chai na kusalimia Wakongo wenzangu. Nilipoingia ilikuwa saa tatu na nusu.

Ofisi ilikuwa vyumba viwili, jenereta nyuma ya nyumba: kimoja cha foni, kingine cha meza na kompyuta. Mbele yake alikaa karani, msichana mpole aitwaye Providence, na Pili kando yake, macho yamefumbwa. Hakujua kusoma. Providence alimsomea mstari kwa mstari: jina, kilima, jina la mama, alama mwilini. Ilibidi wasome yote. Mtoto wa miaka mitano akiulizwa jina lake kambini hutaja lile analoitwa nyumbani, na mwingine hutaja la mbuzi wao; kilima na mama huandikwa kwa kubahatisha. Walikwisha kumtafuta "Zuena" wakapata tisa, hakuna hata mmoja wa Mwakiro.

"Hapana," Pili alikuwa akisema. "Hapana. Huyo hapana. Endelea, mwanangu."

Na kila baada ya mistari michache Providence alibonyeza kitufe kwenye klavye, ule ubao wa herufi, ukurasa ukashuka kidogo. Tak. Hapana, hapana. Tak.

Nikatazama panya wa kompyuta. Alikuwa mpya, mweusi, na mgongoni ana gurudumu.

"Wee Providence, mbona hutumii gurudumu?"

"Haitembezi kitu, tonton," alisema, kama anayemwita mjomba wake. "Iko vile tangu ilikuja. Mi nashusha na hii kitufe, inaenda."

"Inaenda kama konokono mwenye mimba! Mmefika wapi?"

"Mia tisa."

"Mia tisa kwa saa mbili! Dada Pili, mtafika saa nane mkiwa na ndevu. Nipe dakika tano. Gurudumu likiamka, majina yatashuka kama mvua."

Pili alifumbua macho. "Kaka Cubaka, iache. Tunaenda vizuri."

"Dakika tano tu. Hii siyo cherehani, dada. Hii mi naijua."

Alimwashiria Providence asome. Namjua Pili: akisema iache, maana yake iache. Lakini nilikwisha kutoa bisibisi.

Nilimfungua panya nikampuliza, nikamfuta kwa pamba, nikamfunga. Gurudumu lilizunguka vizuri chini ya kidole, na kwenye kioo hakuna kilichosogea. Dakika ishirini. Nikatangaza kwamba mgonjwa siye panya, mgonjwa ni kompyuta yenyewe. Ilikuwa inatumia mfumo wa Linux, na hapo nilifurahi, kwa sababu Linux ilikuwa daftarini mwangu ukurasa wa kumi na nne. Ndani yake kuna faili ambamo kompyuta huambiwa ni panya wa aina gani aliyechomekwa. Ikiandikwa PS/2, kompyuta inasikia mwendo na vitufe tu. Unaandika IMPS/2, unaongeza mstari wenye namba 4 na 5, gurudumu linaamka. Juu ya ukurasa ule yule mwanafunzi aliyenifundisha alikuwa ameongeza kwa mkono wake, kwa wino mwekundu: *Kwanza nakili faili.* Niliusoma wino mwekundu. Nikauruka.

"Neno la siri?" niliuliza.

"Amani," alisema Providence, kwa sauti ya chini.

Nikaandika, faili ikafunguka. Nikabadilisha, nikahifadhi, nikawaambia wajiandae kuona mambo. Nikazima kompyuta, nikaiwasha.

Kioo kikawa cheusi. Kikapepesa mara mbili, tatu, kikabaki cheusi, kisha ikaja mistari ya Kiingereza, na chini yake ombi la jina. Hakuna dirisha, hakuna picha, hakuna orodha.

"Iko wapi majina?" Pili aliuliza.

"Yamo ndani, usiogope. Taa tu ndiyo imezimika chumbani."

Nikaandika *providence*, likaonekana vizuri. Nikaandika *amani*, ambalo mashine hii hailionyeshi unapoliandika. Ikakataa. Nikaandika tena polepole, kidole kimoja. Ikakataa. Providence akajaribu, akakataliwa kwenye mashine yake mwenyewe. Tukajaribu kwa herufi kubwa. Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Jasho lilikuwa linanitoka kama mtu anayebeba gunia, na nilichokuwa nimebeba ni bisibisi.

Baada ya mwezi mzima ndipo yule mwanafunzi wa Bujumbura aliponieleza, akicheka hadi kukohoa. Nilikuwa nimefuta alama moja ya nukuu kwenye ile faili, ndiyo maana madirisha yote yalikufa. Na kioo kile cheusi hakikujua kwamba klavye zetu ni za Kifaransa: kilizipokea kama za Kiingereza. Nilipobonyeza A, chenyewe kilipokea Q. Tuliandika amani mara arobaini, na mashine haikuipokea hata mara moja.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile sikujua kitu. Nilizima, nikawasha. Nilichomoa panya, nikachomeka. Nilipekua daftari hadi kwenye jalada la nyuma. Mwishowe nilipiga kompyuta kofi ubavuni, kama ninavyozipiga redio.

"Usiipige," alisema Providence, machozi yakimlengalenga. "Mi ndiyo nitaulizwa."

"Mwenye orodha nyingine ni nani?"

"Iko kambini, na hapa. Basi. Na foni wanafungua saa nane tu, ya namba."

"Hamkuchapa kwenye karatasi?"

"Wino imeisha tangu mwezi wa nne."

Pili hakulia. Alikaa palepale kwenye kiti, mikono magotini, uso umeelekea kile kioo cheusi kana kwamba kuna mtu atatokea humo. Hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Saa nane kamili tulisikia foni katika chumba cha pili ikianza kukoroma, na sauti ya mwanamume ikitaja namba, moja baada ya nyingine. Namba za watoto wa watu wengine. Tulizisikiliza zote. Kisha foni ikanyamaza.

Chabani akapiga honi nje. Barabara ingefungwa, hangeweza kutungoja. Tulitoka. Providence alibaki mlangoni, nami nikaanza kusema, maana kunyamaza sijajifunza.

"Dada Pili, usikate tamaa. Tutarudi. Halafu tuseme kweli, pengine hata hakuwemo."

Alizidi kutembea.

"Na kwa mwendo ule wenu, mngemaliza saa ngapi?"

"Saa saba kasoro dakika kumi," Providence alisema nyuma yetu. "Nilipiga hesabu."

Hata hapo mdomo wangu haukuacha. "Sawa. Sawa, nimekosa. Lakini mi nia yangu ilikuwa nzuri, Pili. Nilitaka uende haraka. Nani hataki kwenda haraka?"

Pili alikuwa ameshashika mlango wa gari. Akageuka.

"Zuena nilimpoteza kwa kukimbia, Cubaka," alisema. "Nani alikutuma unikimbize tena?"