Okidi ya Mama Valarie

Upepo uliangusha mti mkubwa kando ya barabara ya Waiyaki Way, na watu wa mtaa wa Mountain View wakaukimbilia kutafuta kuni. Phoebe alirudi na kipande cha gome chenye majani machache na mizizi ya kijivu iliyoning'inia kama minyoo.

"Mama Valarie, wenzako wanaleta kuni, wewe unaleta magugu?" mumewe, Isaiah, alimcheka.

"Hii ni okidi, ua linaloota juu ya miti. Ngoja ichanue, utanyamaza."

Aliifunga kwenye ubao kwa vitambaa vya soksi kuukuu, akaitundika barazani penye kivuli. Mvua zikaja, zikaenda. Okidi ikatoa majani, wala isitoe ua hata la kusingiziwa.

Kisha binti yao Valarie akajifungua kule Bungoma, na Phoebe akaenda kumtunza mzazi. Mlangoni aliacha wosia: "Inyunyizie maji ya mvua asubuhi. Usiiloweshe ikaoza mizizi. Na jua la mchana lisiipige."

Mwanzoni Isaiah alinyunyizia akinung'unika. Lakini nyumba ilikuwa kimya mno, na mstaafu akikosa wa kusema naye husema na chochote. Akaanza kuiamkua okidi. Ilipochomoza kijiti cha kijani akadhani ni ugonjwa. Akashika mkasi, ila akapiga simu kwanza.

"Usithubutu!" Phoebe alipiga kelele. "Hicho ni kikonyo cha maua!"

Mkasi ulimtoka mkononi. Baadaye, alipoulizwa, alidanganya kwamba kikonyo kimenyauka. Alitaka kumshtukiza mkewe.

Maua yalifunguka meupe pe, mfano wa nyota zenye mikia mirefu. Mchana hayakunukia. Jua lilipotua, harufu tamu ilijaa nyumba hadi Isaiah akasahau tonge mkononi.

Jirani yao Joyline alinusa kutoka uani kwake. "Baba Valarie, una mgeni? Manukato hayo!"

"Ndiyo," Isaiah akacheka. "Mrembo kweli kweli."

Jioni ya pili yake Isaiah alivaa shati safi, akasimama mbele ya ua lake. "Leo umependeza, malkia wangu," alisema.

Lango likafunguka kwa kishindo. Phoebe alikuwa amesimama pale, vumbi la safari limemjaa, mkoba begani.

"Yuko wapi huyo malkia? Joyline amenipigia simu akaniambia yote!"

Isaiah aliigeukia okidi. Akanyoosha kidole tu.

Phoebe aliangalia. Mkoba ulimporomoka begani. Alisogea taratibu, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta, machozi yakimtiririka.

"Mzee muongo wewe! Nimetoka Bungoma nikiomba Mungu anizuie nisikupige!"

Joyline, aliyekuwa amechungulia langoni, alitaka kutoroka kwa haya. Phoebe akamwita ndani. Wakakaa barazani watatu, chai ikipoa vikombeni, hakuna aliyejali. Isaiah akasogeza kiti chake kikagusana na cha mkewe, akamuuliza mjukuu amefanana na nani.