Mkono wa Losana

"Ondoa hilo bomba, dada Vasiti. Unamtisha," alisema Losana.

Vasiti hakuliondoa. Alilikata mwenyewe miaka kumi na moja iliyopita, hoteli ya Korolevu ilipojenga tangi lile la maji ya chumvi. Unadondosha kipande cha ngisi juu, kinateleza ndani ya bomba hadi mchangani, wale samaki wenye mbio hawakidaki. Hivyo ndivyo samaki wa chini walivyokula siku zote. Lakini samaki taa, yule mkubwa, bapa kama mkeka, hii ilikuwa siku ya sita hajagusa kitu. Kipande kilimwangukia karibu na mdomo. Akajifukia mchanga.

Losana alikuwa ametolewa kwenye kufua mashuka wiki ile tu. Alijilaza kifudifudi ukingoni, akatumbukiza mkono hadi kwapani, ngisi kiganjani, akatulia. Taa akajikung'uta, akaja polepole, akaufunika ule mkono kwa mwili wake wote. Akala.

Wageni walipiga makofi.

"Vasiti, mtani wako kakushinda!" alicheka Bwana Narayan, msimamizi. "Kuanzia kesho alishe yeye, wewe ufute vioo."

"Watu wa kisiwa chao cha Kadavu wananuka samaki tangu tumboni mwa mama zao," alijibu Vasiti. "Taa kadhani kaona ndugu."

Wote waliangua kicheko. Vasiti alicheka kuwashinda wote. Jioni, nyumbani, aliuacha muhogo sahanini.

Kulikuwa na jambo moja Losana hakuambiwa. Kikande, samaki mwenye meno kama patasi, hutupiwa chake kwanza, pembe ya mbali. Asipotangulizwa, hung'ata chochote kinachonukia ngisi. Asubuhi Losana alipojilaza, Vasiti alikuwa hatua mbili tu, anafuta kioo. Neno lilimfika ulimini. Akalimeza.

Maji yakaingia wekundu.

"Mama yangu!" Losana alikunja uso, lakini mkono hakuutoa. "Usinivute! Anakula, dada, anakula!"

Vasiti akachota ngisi kwa mikono miwili, akavurumisha pembe ya mbali. Kikande akaachia, akakimbilia huko.

Vasiti alipokuwa akimfunga kidole, Losana alimtazama usoni. "Jana ulianza na kikande. Nilikuona. Nikadhani unampenda tu."

"Simpendi."

"Ungeniambia."

"Ningeweza kukuambia." Vasiti alikaza fundo. "Sikutaka."

"Huo si utani, dada."

"Najua."

Nesi alimshona nyuzi tano, akamkataza maji wiki mbili. Bwana Narayan akamrudishia Vasiti kazi yake bila kuuliza. Losana hakuwa amemwambia kitu.

Kesho yake Vasiti alimtupia kikande chake kwanza, akaliacha bomba ukutani, akajilaza kifudifudi. Akatumbukiza mkono, kiganja wazi. Losana alisimama upande wa pili wa kioo, bendeji kidoleni.

Taa aliinuka mchangani. Akaupita mkono wa Vasiti bila kupunguza mwendo, akapanda kioo, akabandika tumbo lake jeupe mbele ya Losana, mdomo ukifunguka na kufungika.

Vasiti hakuutoa mkono. Maji yalikuwa baridi. Ngisi alianza kulainika kiganjani.