Mtamba Aliyekaa Kisaju

Mume wangu Wakhungu alijua kila kitu kuhusu pesa, isipokuwa namna ya kukaa nazo. Wahenga walisema akili ni nywele, na yeye alianza kuota upara akiwa na miaka ishirini na sita.

Mwaka wa tisini na nane tulikuwa na akiba kidogo, ya kutufaa mtu akiugua. Yeye alikuwa karani wa stoo kiwandani Athi River, mimi nilishona yunifomu za shule katika chumba chetu cha kupanga Kitengela. Nilitaka tuiweke Posta. Akacheka. Posta, akasema, ni ya wazee wa pensheni. Benki nayo hakutaka kuisikia, kwa sababu mwaka ule benki ndogo ndogo zilikuwa zikifunga milango na watu wakibaki nje wakilia. Chama chetu cha akina mama alikiita kilabu cha chai. Mvua ya El Niño ilikuwa imeacha nyasi hadi kiunoni, na kila karani aliyevaa tai alikuwa anafuga ng'ombe kichwani. Basi akanunua mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, kwa akiba yote.

Ng'ombe hakai kwenye chumba cha kupanga. Kisaju kulikuwa na mfugaji aitwaye Tajeu, aliyechunga mifugo ya watu wa mshahara kwa malipo ya kila mwezi. Hapo ubahili wa mume wangu ukajiita ujanja. Nilikuwepo. Alimshika Tajeu mkono akamwambia, "Mzee, mambo ya kulipana ni ya nini? Sisi ni ndugu sasa. Wacha huyu akae kwako, ni wako."

Tajeu aliwaita majirani washuhudie, akamrushia yule mtamba mate ya baraka. Tangu siku hiyo akawa anamwita Wakhungu Paashe.

Mimi niliuliza. Nasieku, mke wa Tajeu, alinieleza tukinywa chai kwamba kwao mtu akikupa mtamba mnaacha kuitana majina, mnaitana Paashe, na zawadi hiyo haidaiwi kamwe. Lakini aliyetoa akipatwa na shida, boma ni lake, hatoki mikono mitupu. Nilipomweleza Wakhungu njiani, aliniambia nisimletee hadithi za wanawake. Jina lenyewe alilipenda sana. Alijitambulisha nalo kazini, eti Wamaasai wamempa heshima, na kwa miaka miwili alijigamba kwamba ana ng'ombe anayekula bure.

Mwaka elfu mbili ukaja na kiangazi. Mwezi wa Agosti, Nasike, binti yetu wa miaka saba, alianguka kutoka kwenye ukuta wa nyumba iliyokuwa ikijengwa, akavunjika paja. Hospitali ya misheni walisema daktari wa mifupa atakuja Jumatatu kumwekea chuma. Akimkosa, mfupa utashika vibaya na mtoto atachechemea maisha yake yote. Walitaka nusu ya malipo kwanza.

Nilimwambia Wakhungu aende kwa Tajeu, akae chini, anywe chai, aseme shida yake. Hakunisikia. Alikwenda na askari wa chifu na karatasi aliyoipiga taipu ofisini, akidai ng'ombe wake pamoja na ndama aliyezaliwa, kama riba. Riba! Mtu ambaye hakuwahi kununua hata dawa ya kupe.

Tajeu hakubishana. Kuhusu ndama alisema hapana, na askari mwenyewe akaona aibu. Ng'ombe alimtoa, mbavu zikihesabika, kwa kuwa nyasi hazikuwepo, akamkabidhi Wakhungu kamba. Jina la Paashe hakulitaja tena. Sokoni mchinjaji alitoa bei ya ngozi na mifupa, na haikufika hata nusu ya tulichohitaji. Ujanja wa nyani huishia jangwani. Mume wangu alirudi, akakaa kitandani, akaniuliza sasa tutafanyaje. Nilimdharau siku hiyo kuliko siku zote, na sikuficha.

Jumapili, wenzangu wakielekea kanisani, nilibeba sukari na majani chai nikaenda Kisaju. Tajeu alinisalimia, "Takwenya," nikaitikia, "Iko." Ng'ombe sikumtaja. Nilisema mtoto ameumia, nikasema kesho ndiyo siku yenyewe, kisha machozi yakanitoka nikiwa nimeshika kikombe.

"Angekuja na shida angepata," Tajeu akasema. "Alikuja na askari."

Aliinuka akatoka. Nasieku aliniongezea chai. Tajeu aliporudi alikuwa anavuta maksai, mmoja wa wachache waliokuwa wamebaki na nyama mwilini.

"Huyu si wa bwana yako," akaniambia. "Bwana yako alishachukua wake."

Mchana huo huo tulimuuza kwa mfanyabiashara wa Nairobi aliyekuwa akipakia lori hapo Kisaju. Jumatatu Nasike aliwekewa chuma, na leo anatembea vizuri, huwezi kujua ni mguu upi.

Wakhungu alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Aliwaeleza waumini jinsi alivyoona mbali, akaweka akiba kwenye ng'ombe badala ya benki, na jinsi ng'ombe huyo alivyomwokoa mtoto. Walipiga makofi. Wanaume wawili walimfuata nje kumwomba ushauri, naye akawapa, mkono mfukoni.

Mvua iliporudi, na zamu yangu ya kupokea pesa ilipofika katika kile kilabu cha chai, nilinunua mtamba nikampeleka kwa Tajeu. Sikuuliza atarudi lini. Sasa siku za soko Tajeu akipita Kitengela huita "Paashe!" kutoka ng'ambo ya barabara. Wakhungu hugeuka wa kwanza, anainua mkono, anatabasamu. Tajeu humpita na kuja kunisalimia mimi.