Mlango wa Gereji

Mlango wa gereji ya Arlys, banda la gari lililoshikana na nyumba yake, ulianza kufunguka wenyewe mwezi Novemba, theluji ya kwanza ilipoanguka mjini Duluth. Ilikuwa jioni, giza limeshaingia, naye yuko jikoni anamenya viazi. Akausikia mlango ule mpana ukinguruma kwenye reli zake, ukapanda, ukatulia, na baada ya kitambo ukashuka. Hivyo ndivyo mumewe Verlyn alivyorudi nyumbani miaka yote ya ndoa yao. Tatizo ni kwamba Verlyn walikuwa wamemzika Septemba.

Mtu mwingine angepiga simu polisi. Arlys alitoa sahani ya pili kabatini. Tangu siku hiyo, kila alipooka viazi na nyama ya kusaga, alipakua sehemu ya mumewe, akaifunika kwa foili na kuiweka gereji, juu ya meza ambako Verlyn alikuwa akirandia mbao. Mlango mdogo wa kutoka gereji kuingia jikoni akawa haufungi kwa ufunguo. Mngurumo ulipoanza alibaki jikoni, hakwenda kuchungulia hata mara moja. Wafu hakuwaogopa sana. Alichoogopa ni kuchungulia akakuta hamna mtu.

Asubuhi sahani ilikuwa tupu. Hata njegere zilikuwa zimeliwa, na Verlyn hakupata kula njegere maisha yake yote. Arlys aliliona hilo vizuri tu. Akajiambia kwamba huko alikokwenda huenda wamemfundisha adabu.

Basi Jumamosi moja akaja Janelle, binti yake wa pekee, na gari limejaa maboksi. Kulikuwa na wizi katika nyumba za chini ya kilima, na Janelle si mtu wa kusubiri zamu yake. Akafunga kamera juu ya kengele ya mlango. Akafunga taa za kuwaka zenyewe mtu akipita uani. Akabandika madirishani karatasi za kiza ili wapita njia wasimwone mama yake akila peke yake, maana hilo ndilo lililomuuma zaidi, ingawa hakulisema. Mlango wa mbele akautia komeo nene.

“Sasa hapa hata panya ataomba kibali,” akasema, akijifuta jasho.

Arlys akacheka kidogo. Kisha Janelle akaujaribu mlango mdogo wa gereji, nao ukafunguka bila taabu. Akamgeukia mama yake.

“Mama, huu hukuufunga?”

“Huo uache.”

“Niuache vipi? Mimi nahangaika na makomeo tangu asubuhi, wewe umeacha huku wazi?”

“Baba yako hana ufunguo,” Arlys akasema.

Janelle akavuta kiti akakaa. Mama yake akamsimulia yote, mngurumo, sahani, mpaka njegere, kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za hali ya hewa. Alitegemea bintiye atamcheka, au atampeleka kwa daktari wa wazee. Janelle hakufanya lolote kati ya hayo. Alifunika mdomo kwa mkono, uso umemwisha rangi.

Yeye ndiye aliyeiuza pikapu ya baba yake, Oktoba. Aliiosha, akaifagia, akatoa karanga zilizokwama chini ya viti, akamkabidhi mnunuzi funguo palepale uani. Rimoti ya kufungulia mlango wa gereji ilikuwa imebanwa kwenye kizuia jua, juu ya kichwa cha dereva, mahali ilipokaa miaka nenda rudi, na kwa kuizoea hivyo hakuiona.

“Mama, nimempa mtu nyumba yako,” akasema.

Alitaka kuita polisi. Arlys akakataa kabisa. Alitaka kumchukua mama yake akalale kwake, hilo nalo likagonga mwamba. Mwishowe Janelle akapanda ngazi hadi kwenye mota ya mlango, iliyo darini mwa gereji, akabonyeza kitufe na kukishikilia mpaka kitaa chake kikazimika. Mota ikasahau rimoti zote, ya pikapu ikiwemo. Chini yake Arlys aliishika ngazi kwa mikono miwili ili mwanawe asianguke, na wakati huohuo alikuwa akimchukia.

Giza lilipoanza kuingia Janelle akaondoka kwenda dukani kununua rimoti mpya, akamwambia mama yake asimfungulie mtu. Hajafika mbali, Arlys akasikia injini ya pikapu. Aliijua kwa kikohozi chake. Ikasimama mbele ya gereji. Akasubiri mngurumo, ijapokuwa alijua hauji. Badala yake akasikia hatua kwenye theluji, zikizunguka nyumba polepole, kisha mlango wa mbele ukabishwa.

Verlyn hakuwahi kubisha mlango wa mbele. Mtaani kwao mlango huo ni wa wahubiri na wageni.

“Mama,” ilikuwa sauti ya kijana, ngeni, imeshikwa na mafua. “Gereji leo haifunguki.”

Arlys akausogelea mlango mpaka paji la uso likagusa mbao.

“Haitafunguka tena.”

Nje kijana akakung'uta theluji viatuni.

“Nilidhani unajua ni mimi niliyenunua pikapu, ninayelala humo,” kijana akasema. “Nilidhani chakula unaniwekea mimi.”

“Sikujua. Nilidhani ni mume wangu. Mume wangu alikufa.”

Tangu Septemba wengine ndio walikuwa wakilisema neno hilo kwa niaba yake, mchungaji, majirani, Janelle kwenye simu. Lilipomtoka mwenyewe, akaketi sakafuni na koti lake la nyumbani, akalia kwa sauti. Upande wa pili kijana yule akasema pole. Alisimama pale kidogo zaidi, kisha pikapu ikakohoa, ikashuka kilima.