Sabufa ya Mzee Nicolaus

Bhoke alikuwa fundi wa redio za magari pale Kigera, Musoma, na watu wa mdundo mzito alikuwa amewachoka. Wengi wao walitaka tu majirani wajue gari limefika. Kwa hiyo Mzee Nicolaus alipoegesha asubuhi ile akitokea Butiama, akafungua buti na kuonyesha sabufa ya inchi kumi na mbili, Bhoke alimhesabu kundini humo.

"Inapiga dakika tano, inanyamaza," mzee alisema kwa sauti kubwa kupita kiasi. "Na kuna harufu."

"Nani aliifunga?"

Mzee alimtazama midomo. Bhoke akarudia. Yuliana, mkewe, akajibu kutoka kiti cha mbele.

"Fundi mmoja wa Bunda. Sema naye polepole, binti. Masikio yake yaliishia kiwanda cha kuchambua pamba."

Bhoke alianza na waya. Mwekundu ulitoka kwenye betri hadi nyuma bila fyuzi, tena mwembamba, na chini ya zulia gamba lake lilikuwa limeyeyuka. Shaba ingegusa bodi, gari lingeshika moto. Akachomoa betri kwanza, ndipo akaitoa sabufa na kuipima kwa mita. Ilikuwa na koili mbili, kila moja yenye ukinzani wa omu mbili. Yule fundi alikuwa ameziunga sambamba, zikawa omu moja, na amplifaya iliyoipa nguvu iliandikwa ubavuni kwamba isipewe chini ya nne.

Bhoke aliona aibu kumpayukia mzee mbele ya mkewe, akachana kipande cha katoni na kuandika. Moja, akaikata. Nne, akaizungushia duara.

"Namba ikiwa ndogo ndiyo mzigo unakuwa mkubwa?" aliuliza mzee.

Bhoke akaitikia kwa kichwa.

"Hiyo nilikuwaga naiona kiwandani. Mota inabebeshwa, inachemka, inajizima. Wakiilazimisha inaungua."

Bhoke akaziunga koili kwa mfululizo, akapima tena, zikafika nne. Wati elfu mbili zilizobandikwa kwenye boksi la sabufa hakuzijali. Alitazama zile ambazo sabufa ingezibeba muda wote, mia tatu na hamsini, na amplifaya ilitoa mia tatu. Zilikuwa zinaendana. Akavuta waya mpya mnene na kuweka fyuzi karibu kabisa na betri.

Mchana mzee akatoa flashi mfukoni mwa shati. Ilikuwa na nyimbo za kwaya ya parokia yao. Bhoke akaongeza mpaka sauti ikaanza kukwaruza, akarudisha nyuma kidogo. Mzee akainua kiganja, apandishe. Bhoke akaandika: *Hapo inakoroma. Koili itaungua.* Mzee akasoma mara mbili, akateremsha mkono.

Kisha akaingia kiti cha nyuma, akaegemeza mgongo na kufumba macho.

"Mimi naimba sauti ya kwanza," Yuliana alimwambia Bhoke. "Hiyo haisikii tena. Ila besi ikimgonga mgongoni, anajua tumefika ubeti gani."

Bhoke alibaki ameshika bisibisi akitazama midomo ya mzee ikifuata maneno. Ubeti wa tatu mzee aliuwahi mno. Yuliana akageuka na kumgusa goti. Mzee akanyamaza, akangoja mdundo, akaingia pamoja na wenzake.